Almasi ya Nafuu

Nchi yetu kwa sasa haina jina. Lilikuwepo, tena zuri tu, ila mwaka fulani lilipelekwa ng'ambo kung'arishwa pamoja na almasi, na mpaka leo halijarudi. Serikali imetuomba tuwe watulivu, kazi ya kung'arisha haitaki papara. Wageni wakituuliza tunatoka wapi, tunanyoosha kidole.

Mimi silalamiki. Kidato changu cha nne hakikufika kwenye mlango wa kulalamika. Nasimulia tu nilichokiona, na nilichokiona kinaanza na kikohozi.

Kwetu almasi ni nyingi kuliko kokoto. Ukitaka kujenga choo, kokoto unaagiza nchi jirani. Lakini mwananchi haruhusiwi kuitazama almasi, maana wataalamu walikwishathibitisha kwamba jicho la mtu wa kawaida huchakaza kito. Kwa hiyo zikichimbwa zinafunikwa blanketi, zinapandishwa ndege, zinakwenda. Blanketi hurudi. Ndizo tunazofunikwa hospitalini.

Basi bwana, Sikukuu ya Mng'aro ikafika, Mheshimiwa Mkuu wa Wakuu akasimama mbele ya vipaza sauti, akanguruma: "Kila mwananchi apate almasi ya," akakohoa, "nafuu, ampe ampendaye!"

Tukapiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Mimi nadhani alitaka kusema ya bei nafuu, ile "bei" ikazama kwenye kikohozi. Lakini Mheshimiwa hakosei, na kikohozi chake hakikosei. Palepale Wizara ya Madini ikasema, ametaja almasi, jambo hili ni letu. Wizara ya Afya ikasema, hebu ngojeni, ametaja nafuu, na anayepata nafuu ni nani? Si mgonjwa? Jambo ni letu. Wakavutana mashati hadharani. Ikaitwa Kamati Kuu ya Lugha, ikajifungia hotelini, ikala, ikatoka na uamuzi kwamba almasi ni kitu tu, ila nafuu ni hali, na kitu hakiwezi kuitawala hali.

Ndivyo tulivyopata Wizara ya Afya na Vito. Tangu hapo anayetaka kumpa mtu wake kito cha bei anayoiweza sharti augue, alazwe na aandikiwe na daktari. Mzima anaruhusiwa kwenda kwa sonara akanunue kwa bei ya wazima, ambayo ukitajiwa unaanguka, na ukishaanguka unakuwa na sifa za kulazwa.

*

Mimi nilikuwa na mtu wa kumpa. Anaitwa Hidaya, fundi cherehani wa kwenye baraza la duka la mtaani kwetu. Macho yake ni makali, anapitisha uzi kwenye sindano huku anamsema mteja na hakosi tundu. Macho hayohayo ndiyo yaliyomponza. Watu wa Ajira za Mng'aro walipita mtaani wakitafuta wenye macho makali wapelekwe ng'ambo kung'arisha almasi zetu. Wakamwona, wakamtaka, akakubali.

Uani kwetu walikuwa wamekwishachukua wote. Milango yote ina kufuli isipokuwa wangu. Macho yangu yalipopimwa waliniambia, wewe baki ulinde kufuli. Nimebaki. Nikipiga chafya najiambia mwenyewe, "Afya." Halafu najijibu, "Asante."

Shida yangu na Hidaya haikuwa macho. Shida ni kwamba sisi ni watani. Watu wa bondeni, yaani sisi, na watu wa mlimani, yaani wao, ni watani tangu mababu walipoibiana mbuzi. Nanyi mnajua sheria ya utani: mtani anaweza kukwambia lolote na usikasirike, anaweza kukunyang'anya kofia kichwani na usidai, na neno atakalosema, hata akilia machozi, haliaminiwi. Sasa mimi nimemposa Hidaya kwa pete ya kizibo cha soda. Nikamposa kwa duara la kitunguu. Kila mara anajibu bila kuinua mguu kwenye pedali, "Mahari umeleta, au umekuja na meno tu?" Mtaa mzima unacheka, na mimi nacheka kuliko wote, halafu narudi kwenye kufuli zangu.

Wiki ya mwisho kabla hajasafiri nikaenda barazani.

"Sudi, Ijumaa naondoka," akasema.

"Ukiondoka nitakufa."

"Kufa salama. Nitakuja kukuchekea matangani, kwetu ni wajibu."

"Usiende basi. Nikuoe."

"Kwa pete ya nini safari hii? Ya muwa?"

"Ya almasi."

Cherehani ikasimama. Akakata uzi kwa meno, akanitazama. "Siku ukinivisha almasi, Sudi, ndiyo siku nitakayojua husemi utani."

Alisema taratibu, bila kucheka. Sasa na yeye ni mtani, mtu utamwaminije? Lakini mimi nilimwamini. Kesho yake alfajiri nikaenda hospitali kuugua.

*

Nilipokewa na Dakta Mwakalambo, Bingwa wa Vito na Magonjwa ya Moyo.

"Unaumwa nini?" akauliza bila kuinua macho.

"Siumwi, dokta. Nataka pete."

"Ya kujivisha au ya kumpa mtu?"

"Ya kumpa mtu."

"Anajua?"

"Anajua, ila haamini."

Akaweka kalamu chini. "Tangu lini?"

"Tangu shuleni."

"Mmechelewa kuja, nyinyi vijana. Mnaliacha linakaa mwilini." Akanibonyeza kifuani. "Mchana hapa unahisije?"

"Kawaida tu. Nawachekesha watu."

"Na jioni, wakishakwenda kwao?"

Nikacheka peke yangu. Akatikisa kichwa, akamwita nesi. "Huyu alazwe."

Nesi mwenyewe anaitwa Leokadia, mama wa miraba minne, mwenye sauti ya kutuliza ng'ombe. Akanipeleka kwenye dirisha la dawa akatoa sinia lenye kitambaa cheusi. Juu yake pete zimepangwa kwa ukubwa wa jiwe. Kubwa kabisa inaitwa Kunde, inafuata Mchele, halafu Ulezi.

"Hiyo ya Ulezi ingetosha," nikasema.

"Ulezi ni ya mahututi. Wewe umekuja kwa miguu yako. Yako hii hapa, inaitwa Tetesi."

Nikaishika ile pete. Nikaigeuza kwenye mwanga, nikaipuliza.

"Sista, jiwe liko wapi?"

"Lipo."

"Silioni."

"Kaka, hii ni almasi ya nafuu. Ukitaka ya kuonekana, hiyo siyo nafuu tena."

"Hamna lenzi?"

"Lenzi ziko ng'ambo kwenye kung'arisha. Kule kila mfanyakazi ana yake. Huku tunatumia imani." Akaichukua pete akaitia mfukoni mwa gauni lake jeupe. "Sasa sikiliza, sirudii. Pete inatoka saa ya kuona wagonjwa, si saa nyingine. Anayepewa aje mwenyewe, aseme pole, na mimi niisikie. Pole ya kucheka haihesabiki. Na siku ukipata nafuu, dawa inarudi dirishani."

"Hata kama amekwisha kuivaa?"

"Anavuliwa. Ukishapona, dawa ya nini?"

*

Wodi ilijaa watu wenye afya nzuri ajabu, wamelala chali wamefunikwa blanketi za almasi. Kitanda cha jirani kilikuwa na bwana mmoja mnene, Chogo, aliyekuwa akiugua muda mrefu kwa ajili ya bangili ya mkewe. Bangili yenyewe mke alikuwa nayo mkononi, na kila akija jambo la kwanza ni kumgusa mumewe paji la uso.

"Baba Mwajuma, unajisikiaje?"

"Leo kidogo sijambo."

"Usiseme hivyo! Unataka wanivue mbele za watu? Jikaze, mume wangu, uumwe."

Kengele ya kuona wagonjwa ikilia, ukoo mzima wa Chogo unamiminika na hotpoti na chupa za chai. Kitanda chake kinajaa wakwe. Mashemeji wanabaki wamesimama, wanatazama huku na huku, wanaona kitanda kisicho na mgeni.

"Samahani kaka, sogeza miguu."

Nasogeza. Anakaa mmoja, anakaa mwingine. Ikifika katikati ya saa ya kuona wagonjwa mimi nimekunjwa kwenye kona ya kitanda changu kama nguo ya kupigwa pasi. Wanakula wali, wananipa mgongo, wanasimuliana habari za kwao. Mara moja moja mtu anageuka, "Na wewe kaka, wa kwenu hawajaja?" Nami nawaambia wamekwama kwenye foleni, wako wengi sana, wamekodi basi. Wanacheka. Kengele inalia tena, wanakung'uta punje za wali, wanakwenda.

Simu tulinyang'anywa mlangoni, eti mawimbi yake yanafifisha vito. Kwa hiyo nikamwomba Mama Mwajuma anifikishie ujumbe barazani: Sudi amelazwa, pete anayo, njoo kabla ya Ijumaa.

Alirudi siku iliyofuata akifuta machozi. Nikainuka kitandani.

"Analia?" nikauliza.

"Nani alie? Ni mimi, nimecheka njia nzima! Huyo binti ana mdomo! Kaniambia nikwambie utani wa safari hii umeuchonga vizuri, mpaka umempata mama mtu mzima wa kuubeba."

"Mama, rudi umwambie ni kweli."

"Nilimwambia. Nikamwapia. Akasema, 'Ndiyo, hata alipokuja na kitunguu aliapa.'"

Chogo akacheka mpaka kitanda kikasogea. Nami nikacheka. Ungefanyaje?

*

Jumatano alikuja Waziri wa Afya na Vito, Mheshimiwa Kibendera. Kabla hajaingia wakatangulia watu wa itifaki na kamera, wakakagua vitanda, wakafika kwangu wakashtuka.

"Huyu mbona hana mgeni? Itaonekanaje kwenye televisheni?"

Wakashauriana. Wakamwita askari wa mlangoni, wakamvua kofia, wakampa hotpoti, wakamkalisha kitandani kwangu. Alikuwa kijana mwenye mashavu makavu, hakujua hotpoti inashikwaje, akaishika kama bomu.

Waziri akasimama katikati ya wodi akapanua mikono.

"Ndugu wagonjwa! Nchi yenye wagonjwa wengi ni nchi yenye mapenzi mengi! Mwaka jana mlikuwa wazima, na mlikuwa na nini? Mikono mitupu! Leo mko hoi, na kila aliye hoi ana kito! Majirani zetu wanatuonea wivu, wao wanajenga hospitali watu wapone! Je, yupo hapa aliyepata nafuu?"

"Baaado!" wodi nzima ikaitika.

"Hongereni! Endeleeni hivyohivyo!"

Kamera zikafika kwangu. Askari akanigeukia, akasema kama alivyoelekezwa: "Pole, ndugu yangu."

Nitawaambia ukweli, maneno hayo matatu yalinishika vibaya. Nikamnong'oneza, "Ungependa pete?"

"Usinizoee," akajibu, bado anatabasamu kwa ajili ya kamera. Msafara ulipotoka akavaa kofia yake akaondoka na hotpoti. Nilikuwa nimekwisha ifunua kidogo. Haikuwa na kitu.

*

Alhamisi, kengele ya kuona wagonjwa ilikuwa imekwisha lia, mashemeji wamekaa, mimi niko kwenye kona yangu. Mara mlangoni ikapaa sauti:

"Uuuwi! Uuwi, mtani wangu! Nani atatuchosha tena? Nani atakula vya kwetu asiseme asante?"

Hidaya. Kanga kajifunga kichwani kama yuko msibani, mikono kichwani, analia yowe, na macho yake yanacheka. Wodi ikalipuka. Akaja mpaka kitandani, akawatazama mashemeji. "Hebu nipisheni, wenye maiti tumefika." Wakampisha. Akakaa upande wa mto wa kulalia, pembeni ya kichwa changu, na tangu nilazwe ndiyo mara ya kwanza nikanyoosha miguu.

"Kumbe kweli," akasema, anapapasa blanketi. "Kitanda kweli, nesi kweli. Sudi, umewalipa hawa wote?"

"Nimelazwa, Hidaya."

"Naona. Umejitahidi mno. Nilipita kwako kuaga, nikakuta kufuli hata kwenye mlango wako. Nikasema hapana, utani huu siukosi."

Nesi Leokadia akafika, kakunja mikono. "Wewe ndiye mpokeaji? Sema pole."

"Pole, mtani—" akaangua kicheko.

"Haihesabiki."

"Pole..." Akabana midomo, mashavu yakamtetemeka, akacheka tena. Chogo naye anamchochea, "Jikaze, dada!"

"Saa inakwisha," akasema nesi.

Hidaya akavuta pumzi. Akashusha kanga mabegani. Akanitazama usoni, kweli kunitazama, kama anavyolitazama tundu la sindano kabla hajapitisha uzi.

"Pole, Sudi," akasema.

Wodi ilikuwa na kelele zake, lakini mimi sikuisikia. Nilikuwa nimeliandaa neno langu siku zote hizo nikiwa nimekunjwa pale konani. Neno moja tu: usiende. Nikafungua mdomo. Na mdomo wangu, ambao tangu kuzaliwa haujawahi kunitii, ukasema: "Pole nimeipokea, ng'ombe watafuata kwa mkopo."

Akapepesa macho. Halafu akacheka, na ule uso mwingine ukafungwa, kama duka.

Nesi akatoa pete. Hidaya akaichukua, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, yeye mwenye macho ya kuchaguliwa na serikali.

"Jiwe liko wapi?"

"Lipo," nikasema.

"Lipo wapi?"

"Hapo juu. Ni dogo."

"Lipo, dada," akasema nesi kwa ukali. "Serikali haidanganyi."

Hidaya akashika chuma cha kitanda asianguke. "Jamani, nimekoma! Pete ya kizibo, pete ya kitunguu, na sasa pete ya hewa! Hii ndiyo kali yako kuliko zote!"

"Hidaya, ni almasi kweli."

"Ndiyo, ni almasi."

"Sitanii."

"Ndiyo, hutanii, mtani wangu." Akajivisha mwenyewe, ikamkaa sawasawa, maana kidole chake nilikuwa nakijua. "Naichukua, na usidai. Nitaivaa hukohuko niwachekeshe wenzangu."

"Sidai," nikasema.

Kengele ikalia. Akainuka, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Ya kucheka, nadhani. Alipofika mlangoni akageuka akapiga yowe moja la mwisho la matanga, wodi ikashangilia, akaenda zake. Ijumaa nikasikia ndege inapita juu ya paa. Nikapiga chafya. Chogo alikuwa amelala.

*

Hayo ni ya zamani kidogo. Chogo alipata nafuu kwa bahati mbaya, alichekeshwa na mwanawe akasahau, bangili ikavuliwa, na mpaka leo mkewe haongei naye. Kitandani kwake yuko mwingine, mwenye ukoo mkubwa zaidi.

Mimi bado nipo. Asubuhi nesi Leokadia anapita na swali lake.

"Kitanda cha kona, umepata nafuu?"

"Bado, sista."

Kwa sababu nikisema ndiyo, watamwandikia huko aliko, wamvue. Na asipokuwa nayo kidoleni, itakuwaje siku ile? Maana nasikia huko wanakaa kwenye meza moja ndefu, hawasemezani, kila mmoja ameinamia lenzi yake. Hakuna watani. Siku moja kazi itapungua, au atakuwa amechoka tu, atasogeza mkono bila kufikiri, na kidole kitaingia chini ya ile lenzi. Ataona kitu kinameta.

Hapo atajua. Labda atacheka. Labda ataliona na jina la nchi yetu liko pembeni kwenye kopo, akalibebe, aje nalo.

Mpaka hapo naendelea kuugua. Kengele ikilia, wageni wa watu wanaingia na hotpoti zao. "Samahani kaka, sogeza miguu." Siku hizi nasogeza kabla sijaambiwa. Ila upande wa mto wa kulalia sikalishi mtu. Nawaambia hapo pana mwenyewe, yuko njiani.

Wanacheka. Wamekwisha nizoea, mimi na utani wangu.